THELUJI INAPIMA MOSHI: NA SISI WA LIKASI?



Moshi na vumbi la kiwanda tunaviona sote. Lakini ni shaba na kobalti kiasi gani vinaanguka juu ya nyumba zetu? Jicho haliwezi kupima. Leo tujifunze njia wanayotumia watu wa nchi za baridi.

1. Theluji inashika vumbi

Kule Norilsk, Urusi, kuna viwanda vya nikeli na shaba. Theluji inakaa chini zaidi ya miezi saba. Inaanguka tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linashika vumbi la siku zile. Ni kama daftari la karani: kila kinachoingia kinaandikwa, mpaka siku theluji itakapoyeyuka.

2. Namna ya kupima

Mpimaji anakuja kabla theluji haijaanza kuyeyuka. Anachomeka bomba safi toka juu mpaka karibu na udongo, bila kuugusa udongo wenyewe. Maabarani theluji inayeyushwa, maji yanachujwa. Vumbi linalobaki linakaushwa, linapimwa uzito, kisha linatiwa asidi ili mashine ipime shaba, nikeli na kobalti. Maji yaliyochujwa nayo yanapimwa, kwa sababu sehemu ya madini imeyeyuka ndani yake.

Tufanye hesabu. Tuseme juu ya meta mraba 1 yamepatikana miligramu 600 za vumbi, na theluji imekaa siku 150. 600 gawanya kwa 150 ni 4. Basi kila siku zimeanguka miligramu 4 kwa kila meta mraba. Kisha mpimaji analinganisha na theluji ya mahali pa mbali na kiwanda. Bila kulinganisha, hesabu hiyo haisemi kitu, maana vumbi la kila mahali lina madini kidogo.

3. Na kwetu?

Likasi hakuna theluji, lakini kuna kiangazi. Toka Mwezi wa Tano hadi wa Tisa mvua karibu hainyeshi, na vumbi linakaa juu ya majani na mabati. Mpimaji anaweka juu ya nguzo chombo chenye mdomo mpana kwa siku 30, halafu anafanya hesabu ile ile.

Upepo nao unasema. Kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki. Kwa hiyo madini yalijaa katika udongo wa upande wa kaskazini-magharibi, na miti huko ikafa. Fahamu basi: moshi unapita, madini yanabaki udongoni. Magari na fagio vinayainua tena.

Mwaka 2009 wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali, na watoto waliwapita watu wazima. Mtoto anacheza chini, kisha anapeleka mkono kinywani.

4. Fanya hivi

– Vaa kinyago cha vumbi kazini. Oga na ubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani.
– Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto.
– Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Nyumbani pangusa kwa kitambaa chenye maji.
– Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula bukari.
– Osha lengalenga na matembele kwa maji mengi. Maji yanaondoa vumbi la juu, hayaondoi madini yaliyoingia ndani ya jani. Kwa hiyo usilime mboga karibu na kiwanda wala kwenye mabaki ya madini.
– Funika maji ya kunywa na chakula.

Sahani nyeupe ukiiweka nje siku saba itakuonyesha vumbi. Haitakuambia ni vumbi gani. Hiyo ni kazi ya maabara. Lakini kunawa mikono hakungoji maabara. Anza leo.