Kumpiga Picha Kaa wa Angani

Julai 1054 wataalamu wa nyota wa China waliandika habari za nyota ngeni iliyoonekana hata mchana kwa siku 23. Ilikuwa nyota iliyolipuka; mabaki ya mlipuko ule ndiyo Nebula ya Kaa, na anayeanza asihangaike na mabaki mengine. Tafuta Kilimia, shuka hadi Aldebaran yenye wekundu, kisha fuata pembe za kundinyota la Ng'ombe mpaka Zeta Tauri. Kaa yuko kama digrii moja kaskazini-magharibi ya nyota hiyo. Katikati ya Januari anafika juu kabisa kati ya saa nne na saa tano usiku. Subiri giza la mwezi.

Tabu yetu ni mtambo wa kufuatilia nyota. Maelekezo mengi yameandikwa Ulaya na Marekani: elekeza kwenye Nyota ya Kaskazini. Hapa Dar es Salaam nyota hiyo haionekani, na ncha ya kusini ya anga iko digrii 7 tu juu ya upeo, nyuma ya miembe ya jirani. Kabla hujanunua, uliza kama mtambo unainama kiasi hicho bila uzito wake kugonga mguu wa stendi. Ukishaufunga, tazama nyota iliyo karibu na utosi: ikihama kaskazini au kusini, zungusha mtambo kidogo kushoto au kulia. Halafu chagua nyota iliyo chini mashariki, urekebishe mwinamo. Kazi hii inakula saa nzima, na haina njia ya mkato.

Kwa fokasi tumia barakoa ya Bahtinov, kifuniko chenye mianya kinachowekwa mbele ya darubini. Nyota angavu itatoa mistari mitatu. Wa kati ukikaa katikati kabisa ya ile miwili inayopishana, kaza skrubu. Pima tena darubini ikishapoa.

Piga picha 120 za sekunde 60, kisha 20 za muda uleule ukiwa umefunika darubini, uziunganishe kwa Siril, programu ya bure. Filta ya haidrojeni na oksijeni inasaidia mjini, lakini inafifisha mng'ao wa buluu wa katikati, unaotokana na elektroni zinazozunguka kwenye uga wa sumaku. Kijijini iache nyumbani.

Faili ghafi usizifute. Gesi ya Kaa inakimbia kama kilomita 1,500 kwa sekunde. Baada ya miaka kumi piga tena kwa darubini ileile, linganisha picha kwa nyota za pembeni, na nyuzi za Kaa zitakuwa zimesogea.