HASIRA ZAKO ZINAKULA MTAJI

Mteja kaagiza viatu. Umempa boda mzigo, nauli 5,000 umeitoa mfukoni mwako. Boda kafika, mteja anakuandikia: "Samahani, nimeghairi." Damu inachemka, kidole kiko kwenye kurekodi sauti.

Mimi nilirekodi. Maneno ambayo nisingependa hata mama yangu ayasikie. Nilipopoa nikafuta, lakini alishaituma kwenye grupu la kikoba chao. Humo nilikuwa na wateja watatu wa kila mwezi. Hakuna aliyenigombeza, waliacha tu kununua. Ile 5,000 niliirudisha kwa kuuza pea moja. Wale watatu sijawapata mpaka leo.

Najua utasema, "Mimi ndivyo nilivyo, sipendi ujinga." Sawa, hasira huchagui zije lini. Ila kutuma au kutotuma unachagua mwenyewe. Fanya hivi:

1. Ukiwa na hasira, usijibu kwa sauti. Maandishi unaweza kuyasoma kabla ya kutuma.

2. Weka simu chini, shika kazi ya mikono. Funga oda nyingine, panga mzigo. Mteja akisubiri dakika 15 hakuna kinachoharibika.

3. Andaa jibu ukiwa umetulia. WhatsApp Business ina sehemu ya kuhifadhi majibu ya haraka. Langu ni hili: "Sawa dada, nimekuelewa. Boda alishafika, naomba unirudishie nauli 5,000. Ukiwa tayari, karibu tena." Lina heshima, na hela yako unaidai. Kujizuia si kukubali kuonewa.

4. Usipige vijembe status. Unayemlenga anaweza asione kabisa, ila wateja wako wengine wote wanaona, na kila mmoja anajiuliza kama ni yeye.

5. Ziba chanzo. Kumbuka mara tano za mwisho ulizokasirika. Nyingi zimetoka sehemu moja. Mimi ilikuwa nauli. Siku hizi boda haondoki kabla nauli ya mteja haijaingia. Wanaoghairi wamepungua, na watu wananiambia nimekuwa mpole. Wala sijabadilika sana, nimeweka utaratibu tu.

Leo kabla hujalala, andika jibu lako moja la akiba. Mteja wa kulitumia yuko njiani.

Wewe ni mteja wa aina gani anakupandisha hasira? Tuambie hapo chini, tusaidiane jibu.