Jiko la mkaa ndani ya hema: sumu isiyonuka

Kati ya Juni na Agosti, usiku wa Shanwe na maeneo mengine ya Mpanda huwa na baridi ambayo anayeijua Katavi kwa joto la Oktoba pekee haitarajii. Anayelala katika nyumba ya matofali huongeza blanketi. Wapo, hata hivyo, wanaolala porini: warina asali, wachimbaji wadogo wa dhahabu, walinzi wa mazao, na wageni wanaopiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Huko hakuna umeme, na joto lililo karibu ni la jiko la mkaa lililopikia chakula cha jioni. Watu huliingiza ndani, hufunga mlango wa hema au turubai, kisha hulala.

Mkaa unaoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, hasa pale hewa inapokuwa haba. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho. Ikifika kwenye damu hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Kwa hiyo hata kiasi kidogo hewani hujilimbikiza mwilini kadiri saa zinavyopita. Ubongo na moyo, ambavyo haviwezi kusubiri oksijeni, ndivyo huumia mapema. Mwanafiziolojia John Scott Haldane aliivuta gesi hii kwa makusudi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1895. Ni yeye aliyependekeza wachimbaji wa makaa ya mawe wawe na wanyama wadogo mgodini, kwa kuwa hao hulegea kabla ya binadamu.

Wengi huamini kwamba mkaa ulioiva, mwekundu na usio na moshi, hauna madhara. Naiona imani hii kuwa hatari kuliko jiko lenyewe. Moshi wa kuni humkera mtu hadi atoke nje. Mkaa mwekundu haumfukuzi mtu. Bakuli la maji kando ya jiko halinyonyi gesi hiyo, na upenyo mdogo uliobakizwa mlangoni si kinga ya kutegemewa.

Dalili huanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, kisha miguu huishiwa nguvu. Mtu anaweza kutambua kwamba mambo si mema na bado ashindwe kuufikia mlango. Katika mkoa wenye malaria nyingi kama wetu, mgonjwa wa aina hii hupewa dawa ya malaria kwa urahisi mno. Mhudumu wa afya amuulize: ulilala wapi, mlipasha joto kwa kitu gani, na wenzako waliolala humo wakoje? Watu watatu wa kibanda kimoja wanaoumwa kichwa asubuhi moja bila homa wana jambo moja linalowaunganisha. Kipimo chanya cha malaria hakiondoi uwezekano wa sumu hii.

Tahadhari nyingine kwa wahudumu: kifaa cha kawaida cha kupima oksijeni kidoleni hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hii. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini. Ngozi nyekundu inayotajwa vitabuni huonekana kwa nadra kwa mgonjwa aliye hai. Historia ikielekeza huko, mpe oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa yenye mfuko, pasipo kusubiri kipimo. Katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi huchukua takriban saa 4 hadi 6 kuondoka katika damu. Kwa oksijeni kamili, takriban saa 1 hadi 1 na nusu. Mjamzito huhitaji muda mrefu zaidi, maana damu ya mtoto tumboni huiachia gesi polepole kuliko yake. Aliyezimia, mjamzito na mwenye maumivu ya kifua wapewe rufaa. Ndugu waelezwe kuwa usahaulifu au mabadiliko ya tabia huweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye.

Unayemkuta mwenzako katika hali hii, fungua pande zote na umtoe nje haraka, usije ukaanguka nawe. Maziwa hayaondoi sumu hii, na kumnywesha aliyepoteza fahamu ni kumwingizia maziwa mapafuni.

Joto salama huanzia chini, kwa kuwa ardhi hufyonza joto la mwili. Tandika nyasi kavu au magunia, kisha mkeka na blanketi, kabla ya kufikiria cha kujifunika. Badili nguo zenye jasho, vaa soksi na kofia, kula vizuri kabla ya kulala. Chupa ngumu ya maji ya moto, iliyofungwa barabara na kuviringishwa kitambaa, huhifadhi joto kwa saa kadhaa. Pombe hupanua mishipa ya ngozi: mnywaji huhisi joto huku mwili wake ukipoa. Watoto walale katikati ya watu wazima. Ota moto nje, mbali na hema, kisha uzime kwa maji kabla ya kulala. Jiko nalo libaki nje hata likionekana limekufa, kwa sababu makaa yaliyofunikwa na jivu huendelea kutoa gesi kwa saa nyingi.