Nguruwe Pori, Simba na Dungu la Mkulima

SOMO LA ROBO HII



Robo hii tunajifunza juu ya wanyamapori wa bonde la Rufiji. Huenda mtu akauliza, sisi watu wa Temeke tuna habari gani na simba? Barabara ya Kilwa ipitayo Mbagala ndiyo iendayo Rufiji. Magunia ya mkaa hutufikia kwa njia hiyo, na majirani zetu wengi wana wazazi na ndugu wanaolima huko.

1. Utajiri wa uumbaji

Pori la Akiba la Selous, lenye ukubwa wa karibu kilometa za mraba 50,000, liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Humo wamo tembo, nyati, twiga, pofu, palahala, chui, mbwa mwitu na simba, na mto Rufiji una viboko na mamba.

Hata hivyo, utajiri huu unaweza kupotea. Katikati ya miaka ya 1970 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta karibu 13,000 tu, na sababu kubwa ni ujangili.

2. Wanyama wakipungua, nani anaumia?

Wanyama hawajui mpaka wa hifadhi. Palipo na swala, nyumbu na nyati wa kutosha, simba huwinda hao. Wakiisha vijijini, anayebaki ni nguruwe pori, kwa maana yeye hujificha vichakani na kula mazao ya watu. Mkulima asiyetaka kupoteza mavuno hulala shambani kwenye dungu. Usiku simba humfuata nguruwe shambani, na huko humkuta mtu.

Mwaka 2005 watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 560 na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao kusini mwa nchi. Mashambulizi yalizidi kati ya Machi na Mei, wakati wa mavuno. Aidha, wilaya zilizoathirika zaidi ndizo zilizokuwa na wanyama wachache wa kuwindwa, ukiacha nguruwe pori.

Rufiji inakumbuka. Kati ya mwaka 2002 na 2004 watu wapatao 35 waliuawa huko. Simba aliyedhaniwa kuhusika aliuawa Aprili 2004, akakutwa na jipu kubwa chini ya jino. Wengi walisema ugonjwa huo ndio uliomfanya ale watu. Lakini uchunguzi unatufundisha kutazama mbali zaidi ya simba mmoja. Simba akiuawa na nguruwe wakabaki, mkulima bado atalala shambani. Mama mwenye ekari moja ya mahindi akilala nyumbani, watoto watakosa chakula. Akilala shambani, anaweza asirudi.

3. Maandiko

Someni Kutoka 23:29. Mungu anawaambia watu wake kwamba nchi ikiachwa ukiwa, wanyama wa mwitu watawazidi. Kisha someni Nehemia sura ya 4, ambapo watu walijenga na kulinda kwa zamu, kila mmoja akijua nafasi yake. Hakuna aliyeachwa alinde peke yake.

4. Tufanye nini?

Kwa wafadhili: msaada wa chakula hufika baada ya mazao kuliwa. Ni heri kusaidia kabla ya msimu, kwa kuchimba mitaro ya kuzuia nguruwe, kulima mashamba yaliyo pamoja ili ulinzi uwe wa zamu, na kujenga madungu imara yanayofungwa. Kupunguza nguruwe ni jambo la kupanga na afisa wanyamapori wa wilaya, kwa kibali, wala si kwa sumu. Walengwa wengi wa Rufiji ni ndugu zetu Waislamu. Msaada wetu hauulizi dini.

Kwa kamati: tusinunue nyamapori isiyo na kibali. Kila swala anayefika Mbagala kwa siri amepunguza chakula cha simba na kumsogeza karibu na dungu. Vivyo hivyo, mkaa tunaopikia umetoka katika msitu unaowahifadhi wanyama hao. Familia ipunguze kadiri inavyoweza, hata kwa kuanza na jiko linalotumia mkaa kidogo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni nani kati yetu ana ndugu anayelala shambani kulinda mazao? Anahitaji nini kabla ya Machi?
2. Je, tuliwahi kununua nyamapori bila kuuliza ilikotoka?
3. Kama Nehemia, tunaweza kugawana kazi gani na vijiji vya Rufiji?

Mpendwa mwanakamati, andika majibu ya jumuiya yako na kuyawasilisha katika kikao kijacho, ili yaingie katika mpango wa msimu wa kilimo.