Pesti ya Prosesa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kompyuta ikivumisha feni muda wote, ikipunguza kasi unapofungua kazi nzito au ikijizima yenyewe, huenda joto la prosesa limekosa njia nzuri ya kutokea. Majibu haya yatakusaidia kuchagua pesti, yaani ule mchanganyiko mzito unaopakwa juu ya prosesa ili kupitisha joto, kabla ya kumpelekea fundi mashine au kuifungua mwenyewe.

Pesti inafanya kazi gani?

Prosesa na hitisinki, yaani lile bamba la shaba au alumini linalopozwa na feni, huonekana laini, lakini nyuso zake zina mikwaruzo na mabonde madogo mno. Vikigusanishwa vikavu, hewa hubaki humo. Hewa hupitisha joto kwa kiwango cha 0.026 hivi, kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kelvini. Shaba hufikia karibu 400. Pesti huifukuza hewa hiyo. Yenyewe haifui dafu mbele ya shaba, kwa hiyo kazi yake ni kujaza mabonde tu, isiwe godoro kati ya metali mbili.

Je, yenye namba kubwa ndiyo bora?

Si lazima. Pesti nyingi za kawaida hutangazwa kuwa na 4 hadi 12 kwa kipimo hichohicho cha kupitisha joto, na watengenezaji hawapimi kwa njia moja. Unene nao una uzito wake. Tuchukue prosesa ya laptopu inayotoa wati 45 kwenye eneo la milimita za mraba 150. Kwa hesabu rahisi, pesti ya 5 yenye unene wa milimita 0.05 huongeza nyuzi 3 za selsiasi. Ya 10, kwa unene uleule, huongeza 1.5. Hiyo ya 10 ukiipaka nene maradufu, unarudi kwenye nyuzi 3, na pesa uliyoongeza dukani haijakununulia kitu.

Basi nichague ipi?

Kwa kompyuta ya mezani ya nyumbani au ofisini, pesti yoyote ya kampuni inayojulikana inatosha, mradi haipitishi umeme. Arctic MX-4 na Noctua NT-H1 ni mifano. Bomba lisiloeleza kama pesti yake inapitisha umeme, liache.

Kwa laptopu, angalia udumifu. Prosesa yake kwa kawaida haina kifuniko cha metali. Kila inapopata moto na kupoa, hutanuka na kusinyaa, na pesti nyepesi husukumwa pembeni kidogo kidogo. Pesti nzito huvumilia zaidi. Pia kuna vipande vyembamba vya kuweka badala ya pesti, kama Honeywell PTM7950, ambavyo hulainika kwenye nyuzi 45 hivi na kujaza mabonde.

Vipi metali ya kimiminika?

Hiyo ni galiamu iliyochanganywa na metali nyingine kama indiamu na bati. Hupoza vizuri sana, na PlayStation 5 imeitumia. Lakini inapitisha umeme, hivyo tone likidondokea ubao mama laweza kuuunguza. Pia hula alumini. Kama huna uzoefu, usiiguse.

Dawa ya meno inafaa?

Hapana. Ina maji. Itapoza kwa muda mfupi, kisha itakauka na joto litarudi.

Nipakeje?

Futa pesti ya zamani yote kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, usubiri pakauke. Kwa prosesa ya mezani, weka tone la ukubwa wa njegere katikati. Kwa laptopu, tandaza nyembamba hadi ifunike uso wote wa prosesa. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishanisha pembe, ili hitisinki isilalie upande mmoja.

Nibadilishe lini?

Kila unapoitoa hitisinki, weka pesti mpya. Vinginevyo, fuata kipimajoto badala ya kalenda. Programu ya bure kama HWiNFO inaonyesha joto la prosesa. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, na Ryzen 7000 nyingi nyuzi 95. Zikifika hapo hupunguza kasi ili kujilinda. Ukiona kazi ileile inaleta joto zaidi kuliko zamani, anza kwa kupuliza vumbi na kukagua kama feni inazunguka. Joto lisiposhuka, hapo ndipo ununue pesti.