"Partial" si Sehemu Tu

Wenzangu wa chama, kuna neno la Kiingereza ambalo nimeona likituponza katika tafsiri: "partial". Tarehe 3 Novemba 2013, kule Ziwa Turkana jua lilifunikwa lote. Nairobi lilifunikwa sehemu tu. Hapo "sehemu" yatosha. Lakini ukiambiwa refa ni "partial", jamani, usiandike "refa wa sehemu"! Huyo anapendelea upande mmoja. Na akisemwa hakimu hivyo, hiyo ni shutuma nzito. Mfasiri akiteleza, shutuma yote imepotea. Aliye "partial to" maembe naye huyapenda sana, basi. Kinyume chake, "impartial", kimeshika maana ya refa peke yake: asiyependelea. Kazi iliyokamilika haiitwi hivyo kamwe.