Kabla Ba'mkubwa Hajatia Saini

Mdogo wangu wa Jambiani, barua yako nimeisoma mara mbili. Muwekezaji wa hoteli kalipenda eneo lenu la pwani, dalali keshataja bei, na ba'mkubwa anawahimiza kabla mtu huyo hajahamia Paje na pesa zake. Wewe unaogopa kuambiwa unazuia maendeleo.

Usiogope. Jueni kwanza mnachouza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa ya serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ikaiweka chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Mlicho nacho nyinyi ni haki ya kuitumia, pamoja na minazi yenu. Kwetu mnazi una mwenyewe hata ukiwa umesimama kwenye ardhi ya mwengine, kwa hiyo angalieni sana: dalali akihesabu minazi, msidhani amekwishahesabu na kiwanja.

Halafu, hapo ni kiambo. Wenyewe ni ukoo mzima, pamoja na shangazi zako walioolewa Makunduchi na kaka yako anayeuza dukani Darajani. Ba'mkubwa ni msimamizi, na saini yake peke yake isikubalike.

Nami hoteli sizipingi. Vijana wetu wanapata kazi humo. Lakini mgeni kisheria hamiliki ardhi hapa. Anakodishwa kwa muda, na mkataba unaweza kufika miaka 99. Basi kama yeye mwenyewe anapewa kwa muda, nyinyi mnaachia milele kwa lipi? Daini kodi ya kila mwaka, na tarehe ya ardhi kurudi.

Na njia ya kwendea pwani iandikwe ndani ya mkataba, kwa vipimo. Mama zetu wa Paje na Jambiani wanalima mwani tangu 1989, na ukuta ukishajengwa, magunia watayapitishia wapi? Makaburi yenu nayo yaandikwe.

Nendeni kwa sheha, kisha Kamisheni ya Ardhi, eneo lipimwe na lisajiliwe kwa majina yenu kabla ya mazungumzo yoyote ya bei. Mkataba ausome mwanasheria wenu, asiwe wa muwekezaji. Mkishaghilibiwa, ipo Mahakama ya Ardhi, ila kesi hula miaka.

Siku ya kikao cha ukoo, kaa karibu na shangazi zako na uwasomee karatasi kwa sauti, neno kwa neno. Kisha niandikie walivyoamua.